Mama Dorothea Jerotich na Sala Zake za Mezani

Mchungaji Gitau, wazee wa kanisa, majirani wa Silver Spring, ndugu mliotoka Sterling na Falls Church asubuhi hii, mliompenda marehemu na mliokuja kuhakikisha kwamba kweli amenyamaza, karibuni nyote. Familia ya Cheruiyot inawaletea maisha ya mama yetu, Dorothea Jerotich, kama yalivyokuwa. Juzi dada Waringa, mwenyekiti wa akina mama, alitupigia simu akaomba tuyasome kwa upole na tutaje mema tu, nasi tukamjibu kwamba marehemu hakuwahi kumsema mtu kwa upole, awe hai au maiti, na tukianza upole leo atatushangaa.

Mama Dorothea alizaliwa tarehe 14 Agosti 1946 katika kijiji cha Kaptarakwa, Keiyo, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tano wa mzee Kiptoo na mama Rael, akatanguliza miguu, na mama yake alizoea kusema kwamba alitoka akiwa tayari amekasirika. Alianza shule ya misheni mwaka 1955, akamaliza masomo ya msingi mwaka 1962, msichana pekee katika darasa lake, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1965 kwa cheti cha P3, cheti ambacho alikitundika ukutani Kaptarakwa, kisha Eldoret, kisha hapa Silver Spring, mahali ambapo mgeni angekiona kabla hajakaa.

Alifundisha darasa la kwanza hadi la tatu kuanzia Januari 1966 hadi Disemba 1996, na wapo watu wazima hapa Maryland, wengine wana magari makubwa, ambao hadi mwaka huu wakimwona walificha kucha zao asije akazikagua.

Tarehe 20 Disemba 1969 alifunga ndoa na marehemu Cheruiyot, karani wa kiwanda cha maziwa, mtu mkimya sana. Walizika watoto wawili kabla hawajampata Kipchumba mwaka 1972. Tunataja hao wawili kwa sababu hapo ndipo zilipoanza sala zake. Siku ya mazishi ya yule wa pili wanawake wa kanisa walimwambia ashukuru kwa yote na asilie, naye akapiga magoti kando ya kaburi akashukuru, akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa jembe, kwa wale wanawake waliokuja wakiwa wameshiba, na kwa yule aliyekuwa akimwambia asilie huku watoto wake mwenyewe wote wamo nyumbani wazima. Tangu siku hiyo hakupitisha siku bila kushukuru, na hakushukuru hata siku moja bila kusema lililokuwa moyoni, maana aliamini kwamba anayemshukuru Mungu huku anaficha ukweli anamfanya Mungu mtoto mdogo.

Mume wake alifariki Mei 1997. Oktoba 1999 alimfuata Kipchumba hapa Marekani, akafika majani ya miti yakiwa mekundu, akauliza ni ugonjwa gani umeipata miti ya watu na kwa nini hakuna anayeishughulikia. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2008 alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Falls Church, akiwaosha, akiwalisha, akiwageuza kitandani, na mzee mmoja alipomtemea uji usoni alijifuta, akafumba macho na kusema, "Asante Baba, huyu bado ana nguvu za kulenga."

Nyote mnajua desturi ya kanisa letu katika Jumapili za Oktoba na Novemba, majani yanapoanguka, kwamba kila mwenye shukrani husimama na kuitoa mbele ya watu. Ni desturi nzuri, na mama aliipenda kuliko Pasaka. Alisimama baada ya dada Waringa kushukuru kwa nyumba mpya, akasema, "Asante Mungu kwa nyumba ya Waringa, yenye vyoo vinne na watu wawili, uwajalie na haja ya kuvitumia." Alisimama baada ya mahubiri, akashukuru kwamba mchungaji amemaliza na jua bado lipo. Mchungaji alicheka, na tunamheshimu kwa hilo, ila wengine hamkucheka, mkaanza kukaa mbali naye, na yeye akashukuru kwa nafasi ya kunyoosha miguu.

Sasa tunafika kwenye ndoa ya mwanawe. Marehemu alikuwa amemchagulia Jepkosgei, muuguzi mwenye shahada, binti wa rafiki yake wa chuo, lakini Kipchumba akamchagua Mahoro, aliyezaliwa Burundi, akakulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akasoma hadi darasa la saba humo humo kambini, na wakati huo alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 9 Oktoba 2004. Mama alikaa safu ya mbele, na hotpoti yake mapajani, na chakula cha harusi kilipopita mbele yake alifungua kifuniko, akala ugali wake aliotoka nao nyumbani.

Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alikuja kwa mwanawe na hotpoti ile ile, akaiweka mezani katikati ya sufuria za Mahoro. Kwetu sote, Wakenya kwa Warundi, anayekula chakula chako amekukubali, na anayekaa mezani pako asile amekutukana mbele ya mume wako. Mahoro hakuwa na ombi jingine kwa mama mkwe wake ila ale, hata kijiko kimoja, ili ajue kwamba yeye ni mke katika nyumba ile na si mpangaji.

Na kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa mkubwa, sala ya chakula ilikuwa yake. "Asante Bwana kwa ugali huu nilioupika kwa mikono yangu mwenyewe, ulilinde tumbo langu na hivyo vingine vilivyo mezani. Asante kwa Kipchumba, uliyempa macho mawili mazuri, ingawa siku ya kuchagua alikuwa ameyafumba. Asante kwa muhogo, ambao Wakenya tunawapa ng'ombe, na ng'ombe wanafikiria kwanza. Amina." Mtu akisali hakuna wa kumjibu, na akimaliza ni lazima kuitikia, kwa hiyo Mahoro aliinamisha kichwa na kuitikia Amina kwa matusi yake mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, kwa miaka mitatu.

Hakujibu kwa sababu alilelewa hivyo. Kwao bibi harusi hamwinulii mama mkwe macho wala sauti, ukimya wake ndiyo heshima yake, na kadiri alivyotukanwa ndivyo alivyozidi kunyamaza, akidhani kwamba anazidi kuheshimu. Mama naye alimwambia Kipchumba mbele ya mkewe, kana kwamba hayupo, "Huyu msichana ananidharau. Mtu ambaye hajibu amekuona hufai kujibiwa." Kipchumba akasema, "Mama, ni mpole tu." Mama akasema, "Baba yako alikuwa mpole. Huyu ananitazama kama ukuta."

Ethan alizaliwa tarehe 3 Machi 2006 katika hospitali ya hapa Silver Spring. Bibi yake alimbeba, akamwimbia, akamwosha, na chakula cha mama yake bado hakukigusa.

Siku ya Shukrani, tarehe 22 Novemba 2007, Mahoro alipika tangu alfajiri, akapika bata mzinga kwa ajili ya nchi hii, maharage na ndizi kwa ajili ya kwao, mboga za majani kwa ajili ya Keiyo, na ugali wa muhogo kwa sababu shangazi yake Marie-Thérèse alikuwa mgeni. Mama akaingia na hotpoti. Wakashikana mikono, wakafumba macho, mama akaanza, akashukuru kwa mwaka, kwa kazi, kwa viatu, akafika kwa mtoto. "Na asante kwa Ethan, uliyempa paji la uso la Cheruiyot, na umfutie, Baba, hayo mengine yaliyotoka kambini."

Kabla hajafika kwenye Amina, sauti nyingine ikaingia, nyembamba.

"Na mimi naendelea, Baba. Asante kwa mama mkwe wangu, aliyevuka bahari yote ile ili aje kukaa mezani kwangu na kifuniko. Asante kwa kambi, ambako mama yangu alishukuru kwa unga wa mgao, na hakumtukana mtu hata siku moja huku amefumba macho. Asante kwa Ethan, aliyetoka tumboni mwangu mimi, hakutoka kwenye cheti cha ualimu. Usimfutie kitu. Na kama mama hataki chakula changu, asante kwa hilo pia, kitabaki kingi, na mimi nina njaa sana. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Marie-Thérèse alifungua jicho moja, akasema, "Yezu wangu," akalifunga tena. Kipchumba aliendelea kuinama kama mtu anayetafuta kitu chini ya meza. Kisha mama akasema, kwa sauti ya darasani, "Amina." Akamgeukia Mahoro.

"Kumbe una mdomo."

"Ninao, mama."

"Na miaka yote hii ulikuwa umeuweka wapi?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Hiyo unaita heshima? Mimi nimekuwa nikirusha mawe kisimani, sisikii hata maji! Nikasema, huyu ameniona mavumbi." Akasukuma hotpoti pembeni, akavuta sahani. "Lete hiyo gundi yenu ya muhogo."

Akala. Meza nzima ikawa inamtazama kooni. Akameza, akasema, "Haina chumvi." Mahoro akasema, "Chumvi iko mbele yako, mama." Akajinyunyizia chumvi, akamaliza sahani, akaomba nyingine.

Hakuomba msamaha, siku ile wala baadaye, na sisi hatutasimama mbele ya jeneza lake tuseme kwamba aliomba. Wala hawakuwa marafiki. Waligombana kuanzia siku ile kama watu wawili waliokuwa wamecheleweshewa, waligombana juu ya chumvi, juu ya kofia ya Ethan, juu ya wale vijana wanaopuliza majani kwa mashine kutoka upande huu wa barabara kwenda upande ule, ambao mama aliwaona wavivu na Mahoro akawatetea, wakagombana hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Lakini alikula. Ila mbele ya watu alikuwa bado akimwita "huyu msichana", na Mahoro, aliyekuwa akilipwa deni lake la chakula kila Jumapili, aliendelea kulisubiri lile neno moja, mke.

Februari 2009 alianza kuumwa tumbo, na tarehe 11 Machi madaktari walitueleza kwamba ni saratani ya ini na kwamba imekwenda mbali. Alihamia kwa mwanawe. Alitibiwa hadi Agosti, kisha akasema inatosha, akarudi kitandani karibu na dirisha, akaendelea kushukuru, akashukuru kwa ini ambalo lilikuwa limefanya kazi miaka sitini bila kuombwa.

Jumapili ya tarehe 18 Oktoba akina mama wa kanisa walikuja kumwona. Waliimba, wakaomba, wakapewa chai, kisha dada Waringa akamshika mkono akasema, "Mama, twende kwangu. Nina chumba cha wageni kipo tu. Huyu msichana ni mpole, Mungu ambariki, lakini dawa hizi zote za Kiingereza atazisomaje?" Mahoro alikuwa mlangoni na birika mkononi.

Mama akainuka kidogo kwenye mto. "Mpole nani? Huyu? Jana ameniambia kichwa changu ni jiwe la kusagia. Waringa, mimi kwako nitakufa kwa kusifiwa. Dawa anazisoma, na zaidi ya dawa ananisoma mimi. Huyu ndiye mke wa nyumba hii. Nyinyi ni wageni, na mgeni akimaliza chai huenda."

Mahoro akaingia, akakusanya vikombe, na vingine vilikuwa bado vina chai.

Baada ya hapo mama hakuwa na pumzi ya kusali, akamwambia Mahoro, "Sali wewe, na usinipambe." Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 2009, Mahoro alishika kijiko cha uji, akafumba macho akasema, "Asante Baba kwa uji huu, ambao mama ataukataa, kama alivyokataa kila kitu kizuri mara ya kwanza." Mama akasema, "Amina," ikasikika vizuri, Kipchumba ameisikia, na Ethan pia. Kisha akafunga mdomo, akaukataa uji, na saa sita mchana akafariki. Ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliokuja nyumbani, ambao aliwasahihisha Kiingereza chao. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Falls Church, waliomfanyia zamu alipoanza kuchoka, na jirani wa chini, ambaye wiki ya mwisho alipanda ngazi mwenyewe kuuliza mbona kumekuwa kimya. Tunamshukuru mchungaji Gitau kwa kucheka. Tunamshukuru dada Waringa, aliyeleta chakula kingi tangu msiba uanze, na kimeliwa chote. Na wale waliomkimbia kanisani kwa sababu ya mdomo wake, na leo wamevaa nyeusi wakakaa mbele, tunawashukuru pia, viti vya mbele vingebaki vitupu.

Pumzika, mama, kwa amani, hata kama amani hukuipenda sana.