Historia ya Marehemu Mkasi, Mwandishi wa Vijitabu vya Pampu

Kwanza familia inaomba radhi kwa yaliyosomwa jana jioni nyumbani, ambapo kaka mkubwa wa marehemu, huyu huyu aliyesimama mbele yenu, mtu mzima aliyezunguka nchi chungu nzima akiuza vipuri, akarudi na lugha sita za kuombea msamaha, aliwatangazia waombolezaji kwamba dada yake alikuwa dereva wa treni mstaafu, na kwamba ameacha wajane wawili, hadi mume wa marehemu akainua kichwa na kuuliza, "Shemeji, wa pili ni nani?" Ile ilikuwa historia ya marehemu mjomba, kaka mtu alichagua faili silo, na kosa ni lake, si la programu ya kunakili aliyoiacha marehemu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mkasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika chumba cha uani nyuma ya karakana ya baba, akiwa mtoto wa pili na kitindamimba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, akamaliza sekondari 1998, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 2003 akaajiriwa na kiwanda cha pampu za maji kuandika vijitabu vya maelekezo, wakati ambapo kompyuta ilikuwa moja, nayo ya bosi, hivyo onyo la umeme likibadilika, yeye alilikata kwa mkasi na kulibandika kwa gundi katika kila kijitabu, na jina likamganda.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea, wakajaliwa binti na mvulana, waliokaa hapa mbele.

Mwaka 2014 alijifundisha lugha ya kompyuta iitwayo Python, akaandika programu fupi, ambayo ukiweka alama ya mwanzo na ya mwisho kwenye faili moja, huchukua maneno yaliyo katikati na kuyapeleka kwenye faili jingine lenye alama kama hizo, bila kugusa mengine, na bosi alipouliza sasa yeye atafanya nini, alimjibu, "Nitakunywa chai, bosi."

Agosti 2023 alianza kuugua figo, na akiwa wodini aliiandika historia hii mwenyewe, kila sehemu kati ya alama zake, ili kaka yake asije akatia chumvi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, majirani walioleta viti bila kuombwa, na wenzake wa kiwandani waliofunga ofisi leo. Dada, pumzika kwa amani yako yote, vijitabu vina watu wa kuviangalia.

Imebaki sehemu moja, ya kifo, ambayo marehemu aliiwekea alama zake mbili na kuiacha, na programu ikanakili ilichokikuta, yaani nafasi tupu. Asubuhi hii kaka yake aliandika ametutoka, akafuta, akaandika amelala, akafuta, mwishowe akaenda kumwomba mama ruhusa ya kuiacha ilivyo, na mama, bila kuacha kukunja nguo za marehemu, akamjibu, "Andika amekufa, Jumanne, tarehe tatu Juni. Tunakwenda kuzika, baba, hatuendi kumsubiri."