Jina Nililomnyima Truphena

Zimeni hiyo redio mje karibu, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo hainitoshi kusema jambo mara mbili. Frankline, keti hapa kitandani. Owen, kaa upande huu. Na wewe Truphena, najua unanisikia ukiwa hapo mlangoni na hilo beseni. Liweke chini, mama, leo usinioshe kwanza.

Ya mali ni machache, nayamaliza upesi. Shamba la Bungoma mligawe sehemu tatu zinazolingana, si mbili kama nilivyowaambia Krismasi iliyopita, na wa tatu ni dada yenu Truphena. Nyumba hii ya Shauri Moyo, tuliyoipanga tangu nikiwa kazini reli, abaki nayo yeye na mwanawe Elsie, na asitokee mtu wa kumwambia ahame. Owen, usinitazame hivyo, bado sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni aibu yangu. Mnakumbuka alipoolewa na Willis Wabwire, jinsi nilivyoshika maikrofoni pale kanisani nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo atakayemwita Truphena kwa jina letu la Makhanu nitamtoza kreti ya soda. Watu walicheka, nami nikajiona msemaji hodari. Miaka miwili baadaye alirudi hapa mkono umevimba, na mimi, mzee wa kanisa ninayesuluhisha ndoa za watu, nikamrudisha kwa Willis siku hiyohiyo, kabla marehemu mama yenu Benta hajamaliza kumpikia chai. Aliporudi mara ya pili alikuwa na Elsie mgongoni, na hakuniomba ruhusa ya kuingia.

Mahakama ikavunja ndoa. Ndipo akanijia kwa heshima zote akasema, "Baba, nataka kurudia jina letu." Vyeti vyake vya uuguzi vimeandikwa Makhanu, kitambulisho kimeandikwa Wabwire, na kila alikoomba kazi waliuliza yeye ni nani hasa. Wakili wake alitaka nakala ya kitambulisho changu na sahihi yangu ya kuthibitisha kwamba ni binti yangu. Kazi ya dakika tano. Nikamwambia kitambulisho kimepotea.

Hakikuwa kimepotea, wanangu. Kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la kanisa. Niliogopa kuchekwa na wazee wenzangu, niliogopa kuulizwa kama mahubiri yangu ya ndoa yalianzia nyumbani. Na huyu msichana, kwa vile aliniamini, akaomba ruhusa kule mtaa wa Fedha alikokuwa akifulia watu nguo, akanipeleka nikatafutiwe kingine. Tulipiga foleni asubuhi nzima. Alinitafutia kiti, akaninunulia ndizi, akanifuta wino vidoleni kwa leso yake, na muda wote huo kitambulisho kilikuwa hapa kifuani pangu. Kipya kilipotoka sikwenda kukichukua. Nilimwambia bado. Nilimwambia bado miaka tisa, mpaka akaacha kuuliza.

Mursal, jirani yetu wa duka la vitambaa, aliwahi kuniambia kwamba kwao binti haachi jina la babake hata aolewe mara tatu, akaniuliza langu mimi lina dhahabu gani. Nilimjibu vibaya, na amekufa kabla sijamwomba radhi. Nendeni kwa wanawe mniombee msamaha. Nawe Frankline ulikuwa ukimwita dadako Bi. Wabwire kumchokoza, nami nikicheka. Ukome leo.

Sasa sikieni yaliyonipata mwezi jana nilipolazwa. Wodini walikuwa wakiruhusu mtu mmoja tu wa damu, na nyinyi wawili mlikuwa kazini. Akaja yeye. Askari wa mlangoni akasoma kitambulisho chake, akasoma jina langu daftarini, akamwambia mzee huyu si wa kwenu. Nilikuwa nawasikia. Nilikuwa nimejichafua kitandani, nikasema ni binti yangu huyo, lakini sauti haikufika mlangoni. Nililala vile tangu asubuhi hadi Owen alipotoka kazini, na dada yenu alikaa nje juani na nguo zangu safi mkobani. Nimewahi kuona aibu, wanangu, lakini ile sijui niiweke wapi.

Juzi Owen aliniletea wakili. Nimeapa, nimetia sahihi, imepindapinda lakini ni yangu. Karatasi hizi hapa, na kitambulisho juu yake. Truphena, njoo uzichukue.

Umesema nini? Rudia, ndugu zako wasikie.

Anasema amekaa miaka tisa bila hilo jina, na katika miaka hiyohiyo amenilisha kwa mkono wake. Ni kweli. Usinyamaze kwa sababu nakufa, mama. Ni kweli.

Basi zichukue au ziache hapo, uamuzi ni wako, na ndugu zako wasikushurutishe. Mtakapochapisha karatasi ya mazishi yangu, yeye aandikwe wa kwanza, kwa jina atakalowaambia mwenyewe. Na habari ya kitambulisho, Frankline, uwasomee watu kanisani. Usiifupishe.

Maji, Owen. Kidogo... basi.

Frankline, Mungu akupe ulimi mpole kuliko wangu. Owen, upate watoto wasiokuogopa. Elsie asome, na akirudi nyumbani analia... afunguliwe mlango. Wewe, mama, sina uso wa kukubariki. Niache nikuite tu, mara moja, kama ulipokuwa ukicheza hapo nje na chakula kimeiva. Ukitaka, itika. Usipotaka... sitakasirika.

Truphena Makhanu.

Masikio yangu... Owen, ameitika?