Anjela Luka na Miezi Saba ya Kunyamaza

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Mzee Asheri Mhina wa Pongwe, naomba mnisikilize niwasomee maisha ya mama yetu, kama yeye mwenyewe alivyotaka yasomwe.

Marehemu Anjela Luka alizaliwa tarehe 17 Agosti 1961 katika kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Pongwe, mtoto wa tatu wa mkata mkonge aliyeteremka kutoka Lushoto. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, akajifunza ushonaji, na tangu 1980 alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya nyumba moja Chumbageni, ambako wengi wenu aliwashonea sare za watoto. Tarehe 5 Novemba 1983 alifunga ndoa na Asheri, wakajaliwa watoto wawili, Ernesti na Blessing, na wajukuu wanne.

Jumatatu ya tarehe 9 Juni 2008, akiwa anaoga, mkono wake uligusa uvimbe kama punje ya kunde kwenye titi la kushoto. Dada yake alikufa kwa saratani ya titi mwaka uliotangulia, na yeye ndiye aliyemuuguza, kwa hiyo alijua. Hakumwambia mtu. Kwa miezi saba alioga bila kupagusa mahali pale, mumewe akiuliza alisema bega linauma kwa sababu ya cherehani, na kila alipoikaribia hospitali alivuka upande wa pili wa barabara.

Januari 2009 jirani wa pale barazani, Bi Kijakazi, alikwenda kupimwa gauni, akaona fundi anashindwa kuinua mkono. Akamwuliza, Anjela akakana. Kesho yake asubuhi Bi Kijakazi alirudi amekwisha kuvaa baibui, akamwambia, "Funga cherehani, mama Ernesti, twende. Kuogopa utaogopa hukohuko."

Titi lilikatwa tarehe 3 Februari, zikafuata dripu sita za dawa ya saratani Dar es Salaam, nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi, na akapona. Woga haukupona. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya kliniki, chakula hakikupita, na kikohozi kidogo tu kilimfanya aanze kutaja nani arithi cherehani. Hata hivyo aliwasindikiza hospitali wanawake tisa, akikaa nao kwenye benchi mpaka waitwe ndani.

Oktoba 2024 vipimo vilionyesha saratani imerudi, safari hii mapafuni. Mwezi uliopita alimwita Ernesti, akasema, "Msije mkasoma kwamba nilikuwa jasiri. Someni kwamba niliogopa siku zote, na kwamba nilichelewa miezi saba. Kuna mwanamke atakuwa amekaa pale anasikiliza."

Aliaga dunia nyumbani, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa amemshika baba mkono kwa nguvu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, majirani wa Pongwe na Chumbageni, na Bi Kijakazi. Na wewe mama uliyekusudiwa, kama upo, baada ya mazishi mfuate Blessing, atakwenda nawe hospitali.

Mama yetu, pumzika sasa katika amani ya Bwana.