Komanda wa Zamani Alikuwa Anapiga Hodi

Benchi langu liko Baraka, kwenye njia ya kushuka bandarini, ubavuni mwa sale, yaani banda la kuonyeshea video, la Mama Félicité. Mimi ni Uledi, nauza kahawa, na nasema mapema: wateja wangu hawajui kunyamaza. Mchana ule walikuwa watatu. Henri tunamwita Profesa, kwa sababu aliwahi kufundisha darasa la tatu miaka miwili. Jafari ni fundi wa simu, tunamwita Satelaiti. Placide tunamwita Sauti; huyu husimama kando ya televisheni ya Félicité na kutufasiria filamu huku inaendelea, huu mwaka wa kumi na nane. Filamu tunayoipenda ni moja, ile ya Komanda na watu wake wanaosafiri kati ya nyota: sehemu sita za zamani, tano mpya. Mpya zimevuka ziwa kutoka Kigoma, na sauti ya Kiswahili imeshatiwa humo humo. Betri ya Félicité inabeba filamu moja tu kwa Jumapili, naye alikuja kuuliza benchi: ya zamani au mpya? Placide alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Ikichaguliwa mpya, yeye atasimama kando ya televisheni afanye nini?

— Ya mupya, Satelaiti akasema. Ile ya zamani, roketi yao ni sufuria. Mi niliona ata mukono wake.

— Sufuria, ndiyo, Profesa akajibu, lakini ndani muko heshima! Komanda wa zamani akifika mu nyota ya bantu, anapiga hodi. Anauliza habari ya chifu, ya bibi ya chifu, ya batoto, ya mbuzi. Dakika kumi. Kisha njo anapiga bunduki. Uyu wa mupya anashuka tu, moto! Bazee balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji atapona namna gani?

— Iyo mezali haiko ya vita, Profesa.

— Mugeni ni mugeni, ata akitoka ku mwezi.

— Heshima haishindake vita. Komanda wa mupya iko na mwangaza unakata chuma. Haba na haba hujaza kibaba! Ukisalimia muntu kidogo kidogo, anapata wakati wa kukimbia.

Profesa akanisogezea kikombe. Nilijua kuna jambo zito linakuja, maana huwa hasemi jambo zito bila kujaziwa kwanza.

— Mi nabaambia kitu. Ule muntu alitengeneza film za zamani, mama yake ni wa uku kwetu Lubondja.

— Ushahidi? nikauliza.

— Sehemu ya tatu. Komanda iko mu buloko, bamemufunga, njaa inamukamata. Anasema nini? «Heri muhogo wa Lubondja kuliko nyama ya kifungo.» Sasa uniambie, Uledi: muzungu gani anajua muhogo wa Lubondja?

Nilitegemea Satelaiti amcheke. Wapi! Alipiga goti lake kwa kiganja.

— Apo umesema kweli! Na ile nyota ya milima, kwenye Komanda alipeleka mahari? Iliitwa Kilembwe, sawa ile ya kwetu! Bale bantu ba film balipita uku. Beko banapima inchi yetu kutoka ku juu, njo maana rezo ya simu inapotea kila saa tisa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Profesa akaitikia. Njo maana roboti yao ilikuwa na muguu moja.

Félicité akamgeukia Placide.

— Papa Placide, we unasema nini?

— Mi sina maneno, Mama.

Nilimhurumia. Mtu aliyesema miaka kumi na nane kwa niaba ya Komanda, ya maadui zake, ya wanawake watano na mbwa mmoja, leo hana maneno ya kwake mwenyewe.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja, Zainabu, anangoja boti ya Ubwari na beseni lake la chumvi. Alikuwa amesikiliza yote bila kucheka.

— Muniwie radhi, bandugu. Mi sijaonaka iyo film. Uyu Komanda anasemaka luga gani?

— Swahili! Profesa na Satelaiti wakajibu pamoja.

— Yeye mwenyewe? Kwa mudomo wake?

Profesa akamgeukia Satelaiti.

— Mudomo unacheza, akasema Satelaiti. Sauti njo inatokeaka...

Akanyoosha kidole, na kidole kikaishia kwa Placide.

— Basi papa uyu anajua luga yao, Zainabu akasema kwa adabu. Ni luga gani, papa?

Placide akaweka kikombe chini.

— Iko luga ya... ya mbali, Mama.

— Mbali fasi gani?

Profesa, ambaye amewahi kusuluhisha ndoa mbili kwa maneno ya Komanda, alikuwa anakagua viatu vyake. Satelaiti alitoa simu, akaitazama, na ilikuwa imezimika. Mimi niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyeulizwa, nikasema moyoni: basi, Placide ameisha.

Félicité akasimama, akakaza kitenge chake.

— Jana niliangalia ile ya mupya peke yangu, mupaka mwisho, akasema. Ile sauti ni muzuri sana. Iko safi, haikosee.

Placide akainamisha kichwa.

— Ila inasema tu vile viko mu film. Papa Placide, Jumapili saa nane, ile ya zamani. Usichelewe.