Hadi Diski ya Katibu Heche

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, njia panda ya kwenda Nyamwaga, mkabala na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, yaani karasha. Benchi ni moja, lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Kahawa ni ya mzee Bushiri, aliyekuja huku kuuza kanzu akakuta watu wanataka dhahabu na kahawa tu. Tangu dhahabu ionekane kule kilimani, kila anayekaa hapa ni mtaalamu wa kitu fulani. Jumatano ile tulikuwa wataalamu wa kompyuta. Nina hasira mpaka leo, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu, maana nilikuwepo na mdomo ninao.

Heche, katibu wa kikundi cha wachimbaji, alishuka kwenye bodaboda akiwa na laptopu kwapani na mfuko mkononi. Akamwaga vitu vitatu kwenye benchi.

— Hii yenye mkwaruzo ndiyo hadi diski iliyokufa ndani ya laptopu yangu, alisema. Hizi mbili ni mpya. Fundi Imrani wa Nkende kaniambia nichague moja, nyingine nimrudishie kabla ya saa sita. Nisaidieni, mimi nimechanganyikiwa.

— Fundi mwenyewe kasema ipi? nikamuuliza.

— Alikuwa bado anaongea, bodaboda akaondoka na mimi.

Hayakuwa mambo ya mchezo. Kesho yake maofisa wa madini walikuwa wanakuja kusoma orodha, shimo kwa shimo. Ambaye jina lake halimo, anatoka. Orodha yenyewe ilikuwa kwenye laptopu ya Heche, watu sitini na watatu, kwa sababu daftari lilinyeshewa na masika likageuka uji. Na shimo namba kumi na saba lilikuwa la marehemu kaka yake. Kaka alifukiwa mle ndani mwezi wa nne. Heche alifuta jina lake akaandika la mjane, Agustina, na tangu hapo kuna vijana wageni wanazunguka lile shimo wakisema mwanamke hana chake pale.

— Kwa hiyo tusikosee, alisema Heche. Yule mama ana watoto wanne.

Wa kwanza kujitosa alikuwa Waitara, tunamwita Mizani. Ananunua dhahabu kidogo kidogo na mzani wake hautoki mfukoni. Akapima mpya ya kwanza, ile nene. Akapima ya pili, nyembamba kama biskuti.

— Mura, hapa hakuna mjadala. Hii nene ni nzito mara mbili. Chukua nzito.

— Imeandikwa nafasi ya jibi mia tano, alisema Heche. Nyembamba ni mia mbili arobaini.

— Si unaona? Hata uzito umekubali.

— Ngoja kwanza, alisema mzee Bushiri huku akimimina. Majina ni sitini na matatu. Mia mbili arobaini ukigawa, kila mtu anapata jibi tatu na nyingine inabaki. Mtu mmoja anataka jibi ngapi?

— Kuna wenye majina marefu, mzee, alisema Mizani.

— Hata awe na ubini wa mpaka babu yake! Ukichukua ya mia tano, utabaki na nafasi tupu mia nne na kitu. Nafasi tupu huku kwetu unaijua. Utalala, utaamka utakuta watu wamejaa.

Heche akaguna, akashika kichwa. Mimi niliona hoja ya mzee ina akili. Nasema ukweli, niliiona ina akili.

Filemoni, mwenye lile karasha, ambaye naye tunamwita Karasha tu, alikuwa ameinua ile nene anaitikisa sikioni.

— Hii ina kitu kinazunguka ndani. Nyembamba haina kitu, imekufa kabla hata haijaanza.

— Imrani kasema nyembamba haizunguki, ndiyo maana ina mbio, alisema Heche.

— Haizunguki halafu ina mbio? Karasha langu lisipozunguka linasaga nini?

Lile ni swali zito.

— Tutumie sumaku, alisema Mizani.

Akatoa ile anayopitisha kwenye vumbi la dhahabu kuondoa chuma. Akaigusisha kwenye ile nene, ikanasa kwenye skrubu. Akaigusisha kwenye nyembamba, ikateleza, haikushika kitu.

— Jamani! Nyembamba haivuti! Kitu cha thamani hakivuti sumaku, hiyo ndiyo kazi yangu miaka tisa. Nene ni chuma chakavu kimepakwa rangi. Chukua nyembamba.

— Si umesema nzito? aliuliza Heche.

— Nilikuwa sijapima kwa sumaku.

— Na mzani umewahi kukudanganya?

— Mzani haudanganyi. Ni hii hadi diski ndiyo inadanganya mzani.

Heche alikuwa anazihamisha zile mbili, kulia, kushoto, kulia. Jasho lilimtoka na jua lilikuwa bado halijawa kali. Nilimwonea huruma kweli.

— Na hii iliyokufa? aliuliza Karasha.

Alikuwa ameshaifungua kwa bisibisi yangu. Ndani mlikuwa na sahani moja inayong'aa kuliko kioo, na pembeni vijino vya rangi ya njano.

— Hiyo si dhahabu hiyo? alisema Mizani, sauti imeshuka.

— Dhahabu kabisa. Katibu, una kazi nayo?

— Ya nini? alisema Heche. Imekufa. Kwenye karasha lako beringi ikifa si unaweka nyingine, mashine inaendelea na kazi yake?

— Ndivyo.

— Basi chukua, kasage.

Karasha akavuka barabara. Tukasikia mashine inakohoa mara mbili, kisha ikashika mlio wake wa kawaida. Akarudi anajipangusa mikono, akasema hiyo sahani ilivunjika kama glasi, ataiosha jioni na zebaki aone. Bushiri akamwongezea kahawa. Mjadala ukarudi kwenye nene na nyembamba, na kufikia saa tano Mizani alikuwa anasema tuzilaze zote mbili kwenye maji, itakayotoa povu ndiyo yenye pumzi.

Ndipo akaja Agustina, anatoka shimoni, miguu imejaa udongo mweupe.

— Shikamoo mzee Bushiri. Habari zenu.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Ahsante, sikai. Shemeji, nimeambiwa umeleta vifaa vya orodha.

— Nimeleta, shemeji. Tunachagua iliyo bora. Kesho usiwe na wasiwasi.

Akazitazama zile mbili kwenye benchi kwa muda. Hakuuliza bei wala jibi.

— Jina langu liko kwenye ipi?

Heche akafungua mdomo. Akamtazama Mizani, na Mizani akautazama mzani wake. Mzee Bushiri akapindua birika, likatoa matone mawili. Karasha alikuwa amegeuza uso kabisa, upande ambao mashine yake ilikuwa inanguruma. Mimi niliichukua bisibisi iliyofungua ile ya zamani, nikaificha chini ya viatu.

— Shemeji?

Agustina akafuta mikono kwenye kanga, akaokota ile nyembamba, akaisogeza karibu na macho, akaanza kusoma kibandiko chake kwa sauti, herufi moja moja, kidole kikifuata.

— Esi. A. Ti. A. A ziko mbili hapa, kama zangu, alisema. Ndiyo mimi?