Vidole Vitatu vya Wilf Staniforth

Ndugu, majirani, na nyinyi mafundi mliojibana viti vya nyuma kana kwamba huku mbele gesi inavuja, karibuni. Tunayemsindikiza leo ni Wilfred Staniforth, Wilf kwa kila aliyewahi kuwashiwa naye boila ya kupasha nyumba joto. Haya ni maisha yake kwa kifupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusema jambo lolote kwa kifupi.

Wilf alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Attercliffe, Sheffield, mtoto wa pili wa Horace Staniforth, mtengeneza tupa, na mkewe Mabel. Nyumba yao ilipakana na viwanda vya chuma, na mama yake alikuwa akianika shuka nyeupe na kuanua za kijivu. Baba alimrithisha vitu viwili: jiliwa zito la kubania vyuma, lililofungwa kwenye meza ya kibandani, na mapenzi kwa timu ya soka ya bluu ya mji huu. Jiliwa halikumwangusha hata siku moja.

Alisoma mtaani kwao, akaacha shule Julai 1961 akiwa na miaka kumi na mitano, kama wenzake wote. Walimu hawakulia. Mmoja wao alikuwa bado na kinyongo, kwa sababu Wilf aliwahi kuifungua stovu ya darasani kwa ncha ya bikari ili aone moshi unakwama wapi. Alichapwa, lakini stovu ile haikutoa moshi tena. Septemba mwaka huohuo alianza uanagenzi katika kampuni ya kupasha nyumba joto, na mwaka 1966 akawa fundi kamili wa boila.

Majira ya baridi ya 1968 alitumwa kwenye karakana ya vijiko na uma, ambako wasichana wang'arishaji walikuwa wakifanya kazi wamevaa makoti. Boila yenyewe haikumpa taabu. Ila nati moja ilimdondoka ikaenda nyuma kabisa, na bila nati ile hakukuwa na moto. Akaisaka mpaka saa ya chai. Beryl Oxspring, uso umejaa vumbi jeusi la kung'arishia, akasimama mlangoni na kikombe chake.

"Nati moja, kutwa nzima," akasema. "Ukipotelewa na mke si utamtafuta mwaka?"

"Sijui," akajibu Wilf, kalala kifudifudi. "Ngoja kwanza nimpate."

Walifunga ndoa tarehe 7 Juni 1969, katika kanisa hili hili la Walkley, wakajaliwa watoto wawili, Lorraine na Neil.

Tarehe 12 Januari 1981, Wilf na mwenzake Roy Dungworth walikuwa wakipandisha kipande cha boila kuukuu kutoka chumba cha chini. Kikateleza. Kilimponda Wilf mkono wa kulia, na madaktari wakaweza kuokoa kidole gumba na cha shahada tu. Roy, aliyekuwa ameshika upande wa pili, alilia kuliko majeruhi. Kampuni ikampa Wilf kazi ya kaunta ya stoo, awagawie wenzake vipuri. Ilikuwa huruma ya kweli, nayo ilikuwa ikimmaliza. Alirudi nyumbani jioni, akatundika koti na asiseme kitu. Waliomjua wanaelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

"Afadhali ulalamike," Beryl akamwambia. "Nyumba imekuwa kimya, utadhani wanaishi watu wenye adabu."

"Sitagusa boila tena, Beryl. Sina vidole."

"Basi tengeneza vingine."

Akaingia kibandani, kwenye jiliwa la baba yake. Kwanza akatengeneza kidole cha kati: spana fupi aliyoikata, akaikunja shingo na kuiunga upya, ili gumba na shahada vitoshe kuzungusha nati iliyojificha nyuma ya bomba. Kikafuata cha pete, sindano ya chuma ya kufumia ya Beryl, iliyowekwa sumaku nchani ili kuokotea vilivyodondoka. Sumaku aliing'oa kwenye mlango wa kabati la jikoni, na kabati hilo halijafungika vizuri hadi leo. Kidole kidogo kilikuwa bisibisi ndefu yenye kibanio kinachoing'ang'ania skrubu mpaka ikamate tunduni. Vyote vitatu Beryl alivisugua kwa ustadi wa karakanani kwao, vipite kati ya mabomba bila kukwama. Wilf akajifunza kuvitumia mkono ukiwa ndani ya kabati, macho kafumba, huku akitukana kwa sauti, na nyumba ikawa nyumba tena.

Desemba ile mji uliganda. Boila ya Bibi Edna Nettleship wa Hillsborough, iliyobanwa ndani ya kabati la jikoni, ilizimika. Roy alihangaika nayo tangu asubuhi mpaka mkono ukachubuka na kutoka damu. Nati ya nyuma ya pampu haikufikika. Bosi alikuja, akaamua boila nzima ishushwe, na bibi avumilie baridi mpaka sikukuu zipite. Wilf alifika kwa sababu moja tu: alitumwa alete pampu mpya. Kwapani alikuwa na kopo la biskuti.

"Iweke mezani, Wilf, asante," bosi akasema.

"Naomba nijaribu kwanza."

"Wilf, ndugu yangu," Roy akasema taratibu, "mimi nina vidole kumi na nimeshindwa."

"Kumi unavyo hapa jikoni. Kule nyuma hauingii mkono, vinaingia vidole viwili. Nyuma ya boila, Roy, kila mtu ni kama mimi. Wewe ndiyo kwanza umeanza leo."

Akafungua kopo. Kidole cha kati kikaing'ata nati, ikalegea, ikatoka, kisha ikamponyoka ikadondoka nyuma kabisa. Bosi akageuka kuchukua koti lake. Wilf hakumtazama. Akaingiza kidole cha pete, akakivuta polepole, na nati ikaja imening'inia kwenye sumaku. Pampu mpya ikakaa, kidole kidogo kikarudisha skrubu za mwisho, na boila ikavuma.

Bibi Nettleship, ambaye Roy alikuwa amemsimulia habari za Wilf, alimtazama bosi juu mpaka chini. "Huyu ndiye mliyemweka stoo?" akauliza. "Basi nyinyi mna mafundi wa kuchezea."

Jumatatu iliyofuata Wilf alirudi kazini na mkoba wake, na hakuuweka chini mpaka alipostaafu mwaka 2011. Roy ndiye wa kwanza kuomba seti yake. Wakafuata wengine, wa hapa, wa Rotherham, wa Barnsley, na mji mzima ukaviita vidole vya Wilf. Hakuuza hata kimoja. Aliyetaka alipaswa kuja jikoni kwao, atie mkono kabatini macho kafumba, atoke na nati. Baadaye viwanda vikaanza kutoa vifaa vya namna hiyo, vyenye mipini ya rangi. Wilf alivishika, akavigeuza, akasema, "Vizuri. Lakini havina Beryl."

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022. Novemba iliyopita boila yao wenyewe ilizimika, naye amelazwa sebuleni. Roy, siku hizi mzee wa fimbo, akaja na seti yake ya vidole kuitazama.

"Unakishika kama kijiko cha mchuzi," Wilf akamwambia kutoka kitandani.

"Njoo basi ufanye mwenyewe."

"Ningekuja. Daktari amenikataza kukaa karibu na watu wa mikono mizito."

Boila ilipovuma, Wilf alicheka mpaka Beryl akamwinua akae. Aliaga dunia nyumbani, tarehe 9 Januari 2024, akiwa na miaka sabini na saba. Beryl alikuwa amemshika mkono wa kulia, maana ndio alioupenda zaidi.

Ameacha mjane, Beryl. Watoto, Neil na Lorraine anayewasomea haya. Wajukuu, Callum na Imogen. Dada yake, Doreen. Na Roy, ambaye kwetu ni ndugu.

Wengine walituuliza kama vile vidole vitatu viwekwe jenezani, ili Wilf aende na mkono kamili. Tulikuwa tukiafikiana. Kisha Jumatatu wiki hii mtunza kanisa akapiga simu: boila ya kanisa imegoma, na mazishi ni Ijumaa. Roy akaja kuchukua kopo la biskuti, akashuka nalo ngazi, na ndiyo maana leo mmevua makoti. Jioni tukamuuliza Beryl tena habari ya jeneza.

"Aende na viwili vyake," akasema. "Hivi vitatu kesho vina kazi."

Pumzika, Wilf. Tumepata joto.