Kadi za Harusi za Wino Mwepesi

Katika basi la mji wa Kanazawa, msichana mbele yangu alikuwa amepakata sanduku la kadi za harusi yake, akizipeleka posta. Alimwonyesha moja bibi aliyeketi pembeni yake, ambaye hakumjua kabisa. "Herufi nimezichora mwenyewe kwa brashi, bibi, ndipo nikazigeuza fonti ya kompyuta. Zimekaa kienyeji, kama za mtu asiye na haraka. Hata maduka ya peremende yanazitumia kwenye vibandiko vyao."

Bibi akaisogeza kadi dirishani, kisha akajiziba mdomo. "We binti! Nani kafa?"

"Kafa? Ni ya harusi yangu hiyo!"

"Mwandiko mzuri, sikatai. Lakini wino huu wa kijivu ni wa bahasha za rambirambi! Huku tunauzimua kwa maji hivi, kana kwamba machozi yameudondokea. Kwenu hawakukwambia?"

"Nilitaka michirizi ya brashi ionekane," msichana alinong'ona. Mimi niliyekuwa nimeisifu rangi ile kimoyomoyo nikatazama viatu vyangu.

"Shukuru hujazituma."

"Moja nimeituma jana. Kwa mama mkwe."

"Basi mpigie simu, mcheke yaishe."

"Amelazwa, bibi. Kesho anapasuliwa moyo."

Basi likasimama mbele ya posta. Mlango ukafunguka, ukajifunga, na hakuna aliyeinuka.